Kambi ya Baridi Mlima Elgon: Maswali ya Wanaoanza kuhusu Mzigo wa Kubeba

Majibu haya ni ya mtu wa Kisumu, Nakuru, Kakamega au Bungoma ambaye hajawahi kulala hemani mahali penye baridi kali, na sasa marafiki wamemshawishi apande Elgon. Tumelenga upande wa Kenya wa mlima, kwa kuingilia lango la Chorlim, ingawa mengi yatakufaa hata ukielekea Cherangani au nyanda za juu za Mau. Msimamo wetu tuuseme mapema: wanaoanza humwaga pesa zote kwenye jaketi, wakasahau cha kutandika chini. Usiku wanatetemeka ndani ya jaketi zuri.

Elgon iko karibu na ikweta. Baridi hiyo itoke wapi?

Inatoka kwenye mwinuko. Kila unapopanda mita 1,000, hewa hupoa kwa takriban nyuzijoto 6. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari na usiku wake wa kawaida ni nyuzi 17 au 18. Barabara ya gari inayoelekea Koitobos hukufikisha karibu mita 3,500. Piga hesabu: umepanda mita 2,400 hivi, umepoteza nyuzi kama 15, umebaki na 2 au 3. Hapo upepo haujatajwa, wala usiku usio na mawingu, ambapo ardhi hupoteza joto lake angani na nyasi huamkia umande ulioganda. Kilele chenyewe cha Koitobos kina mita 4,222.

Mtu wa Nakuru ana afadhali kidogo kwa sababu mji wake uko karibu mita 1,850 na sweta ameizoea. Mtu wa Molo au Timboroa anaweza kuruka jibu hili.

Nibebe vitu vilevile mwezi wowote?

La. Hapa ndipo wengi huharibikiwa, kwa sababu mlima una baridi za aina mbili na kila moja ina mzigo wake.

Kuanzia Desemba hadi Februari kunakuwa kukavu. Mchana jua linachoma hadi pua inabambuka, usiku anga iko wazi na maji yaliyoachwa nje kwenye sufuria yanaweza kuamka na utando wa barafu. Kwa miezi hiyo beba begi zito la kulalia, kofia ya jua, mafuta ya midomo na miwani. Koti la mvua liwepo, lakini huenda usilitoe.

Julai na Agosti mambo ni mengine. Mawingu huzuia joto lisipotee lote, kwa hiyo usiku hauwi mkali sana kwa vipimo, lakini kila kitu kimelowa: nyasi, kamba za hema, soksi, kiberiti. Mwili uliolowa hupoteza joto haraka mno, kiasi kwamba nyuzi 4 zenye mvua zinaweza kukutesa kuliko nyuzi 2 chini ya sufuri bila mvua. Kwa miezi hiyo punguza uzito wa begi la kulalia ukilazimika, ila usipunguze koti la mvua, suruali ya mvua, gambuti na nguo za akiba zilizofungwa zisipenyeze maji. Mvua mara nyingi huja alasiri, basi hema liwe limesimama kabla ya saa nane mchana.

Kama ni safari yako ya kwanza na uhuru wa kuchagua unao, nenda Januari. Agosti hupendwa kwa sababu shule zimefungwa, si kwa sababu mlima ni mzuri.

Nimepata orodha za kambi za majira ya baridi za Marekani na Ulaya. Nizifuate?

Zisome, kisha uzichuje. Zimeandikwa kwa ajili ya mahali kama Minnesota au Norway, ambako joto linaweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sufuri na hema husimikwa juu ya theluji. Huko koleo la theluji lina kazi, vigingi vipana vya kuzikwa thelujini vina kazi, na jiko la mafuta linashinda la gesi. Elgon vitu hivyo ni kuchosha mgongo. Yanayotufaa kutoka kwao ni mambo matatu: vaa tabaka kadhaa badala ya nguo moja nene, jikinge na ardhi, na usilale na nguo ulizotolea jasho. Lakini kumbuka theluji kavu hukung'utwa ikaanguka, ilhali mvua yetu hupenya. Ndiyo maana orodha zao hazisisitizi kinga ya mvua kama tunavyosisitiza sisi.

Pesa ni kidogo. Ninunue nini kwanza?

Cha kutandika chini, halafu begi la kulalia, halafu kinga ya mvua, halafu nguo za sufu. Hema liwe la mwisho, tena heri ukodishe au mlale wawili katika la mwenzako. Jaketi la kujionyesha kwenye picha halimo katika mpangilio huu.

Kwa nini mnasisitiza sana cha kutandika?

Begi la kulalia hupasha kwa sababu ya hewa iliyonaswa katikati ya manyoya au nyuzi zake. Ukilalia upande wa chini, uzito wako unaikamua hewa hiyo yote, na mgongo unabaki umegusana na ardhi kwa kitambaa chembamba tu. Ardhi ya mlimani haichoki kunyonya joto. Unaweza kujifunika blanketi tatu na bado baridi ikupande kutoka chini.

Mkeka wa sponji ngumu isiyonywa maji, kama ile mikeka ya mazoezi lakini minene zaidi, ndio bora kwa anayeanza. Hautoboki, haunywi maji, na miwili ukiiweka pamoja nguvu zake hujumlika. Sponji ya kawaida ya kitandani hupasha vizuri ikiwa kavu, tatizo ni kwamba hunywa maji kama ngamia. Ukiitumia, ishone ndani ya turubai jepesi. Godoro la kujaza upepo, lile la kulaza wageni, ni raha ya mgongo na si kinga ya baridi: hewa ndani yake huzunguka, ikabeba joto lako ikalipeleka chini. Kama unalo tayari, weka mkeka juu yake, si chini yake.

Katoni zilizokunjuliwa chini ya mkeka, ndani ya hema, husaidia kweli. Ila ushuke nazo.

Namba zilizoandikwa kwenye begi la kulalia zina maana gani?

Mabegi mengi yaliyopimwa kwa utaratibu wa kimataifa wa ISO 23537 huonyesha viwango vitatu. Cha kwanza ni cha starehe: kwa joto hilo, mwanamke wa kawaida hulala bila kuhisi baridi. Cha pili ni kikomo: mwanamume wa kawaida atalala amejikunyata. Cha tatu ni cha hatari: hutakufa upesi, lakini kulala usingizi usahau. Wauzaji hupenda kutangaza namba ya chini zaidi kwa maandishi makubwa. Wewe tafuta ile ya starehe.

Ukilala sehemu za chini karibu na Chorlim au Kapkuro, begi la starehe ya nyuzi 5 linatosha ukiongeza shuka na soksi. Ukipanga kulala mita 3,500, tafuta la sufuri au chini yake. Blanketi unaweza kuongeza juu, mradi lisiwe zito hadi likalibana begi.

Nitapata begi zuri kwenye mitumba?

Utapata. Kibuye pale Kisumu siku ya Jumapili, au soko la Kitale, mabegi huja yamechanganyika na mapazia na mashuka, na muuzaji mara nyingi hajui anachouza. Usiulize bei kabla ya kukagua, maana ukiuliza umeshajionyesha kuwa unalitaka.

Lifungue lote, hata wenye duka wakikukazia macho. Fungua na ufunge zipu mara tatu kutoka kichwani hadi miguuni. Zipu inayokwama mchana juani itakukwamia usiku vidole vikiwa vimekufa ganzi. Kisha ingiza mkono ndani mpaka sehemu ya miguu na upapase polepole. Ukikuta madonge upande mmoja na utupu upande wa pili, lilifuliwa vibaya na halitarudi. Baadaye liinue lielekee jua: pale mwanga unapopenya kama kwenye chandarua ndipo baridi itakapoingia. Mwisho, likunje kwa nguvu, liachie, uhesabu hadi sitini. La kununua ni lile linaloanza kuvimba lenyewe.

La manyoya ya bata ni jepesi na lina joto, ila likilowa linakuwa kitambaa tu. Kwa mvua za huku kwetu, na kwa mtu ambaye hajajua kukunja mzigo wake vizuri, la nyuzi za poliesta linafaa zaidi ingawa linajaza mkoba wa mgongoni. Harufu ya ukungu haitoki kirahisi, linalonuka liache.

Nivae nini?

Mwilini vaa nguo ya kubana ya poliesta au sufu. Juu yake sweta la sufu au la manyoya ya viwandani. Juu kabisa koti la kuzuia upepo na mvua. Unapopanda mlima, vua moja kabla hujatokwa na jasho; ukisimama, ivae kabla hujapoa. Ni usumbufu, lakini ndiyo kazi yenyewe.

Pamba iache nyumbani. Fulana ya pamba hunywa jasho na haikauki, na suruali ya jinsi ikilowa huna suruali tena siku hiyo. Kwenye mitumba soma kilebo cha ndani ya kola: ukiona pamba asilimia 100, irudishe. Masweta ya sufu ya kizee, yale yanayowasha shingo, vijana huyadharau na huuzwa kwa bei ya kutupa. Hayo ndiyo.

Boshori, glavu na skafu si mapambo. Na jambo moja tunaliwekea mkazo: weka seti ya kulalia, yaani soksi za sufu, suruali ya ndani ndefu na fulana ya mikono mirefu, ambayo haivaliwi mchana hata iweje. Ifunge kwenye mfuko usiopenyeza maji. Ukifika jioni ukiwa umelowa chepechepe, seti hiyo ndiyo itakayoamua utakavyolala.

Naweza kuingiza jiko la makaa hemani nipashe kabla ya kulala?

Hapana. Wala jiko la gesi. Wala makaa "yaliyokwisha kuwa mekundu," maana moshi si kipimo. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu wala rangi. Hulewesha kwanza, halafu huua, na aliyelala haamki ajue. Kila msimu wa baridi Kenya huzika watu waliolala na jiko ndani ya nyumba ya matofali, sembuse hema.

Badala yake chemsha maji, yatie kwenye chupa ya chuma yenye kifuniko kinachokaza barabara, ivishe soksi, uiweke katikati ya mapaja ndani ya begi. Hukaa na joto kwa saa kadhaa, na asubuhi una maji ya kunywa ambayo hayakuganda.

Chakula na moto je?

Mlimani maji huchemka mapema kabla hayajawa moto wa kutosha. Kwa mita 3,500 huchemka kwenye nyuzi 88 hivi badala ya 100. Maharagwe mabichi huko ni kupoteza gesi na subira. Chemshia githeri nyumbani, beba imeiva, huko juu iwe ni kukaanga tu. Ugali hupikika, ukiwa mvumilivu. Uji wa wimbi wenye siagi ya njugu ndani yake ndio mlo tunaoupenda kuliko wote kwa saa mbili za usiku, kwa sababu mafuta huyeyushwa polepole na mwili huzalisha joto wakati huo wote. Beba pia chapati, njugu karanga, sukari guru na mayai ya kuchemsha. Usilale na njaa ati umechoka.

Kuhusu gesi: mikebe midogo ya gesi ya butani pekee hulegea baridi ikikaribia sufuri, kwa kuwa hapo butani hukataa kugeuka mvuke. Tafuta mkebe uliochanganywa na propani, au lala na mkebe wako ndani ya begi uwe vuguvugu asubuhi. Mtungi wa kilo 6 hufanya kazi ukienda na gari la binafsi, usiupandishe matatu. Kuni usikate. Uliza askari wa hifadhi palipo na zilizoruhusiwa.

Ni kweli chupa za maji za plastiki haziruhusiwi?

Ni kweli. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi za taifa na misitu ya Kenya, na mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchi nzima tangu 2017. Beba chupa ya chuma na mfuko wa turubai wa kufunga nguo. Ndoo ndogo yenye kifuniko ni mbadala mzuri ukiwa na gari: nguo hazilowi, na asubuhi una kiti.

Hema la aina gani?

Lenye tabaka mbili, la ndani na la kufunika, na la kufunika lifike karibu na ardhi. Lile la bei nafuu la tabaka moja litakuloweshea kitanda hata bila mvua. Pumzi za watu wawili usiku mzima hugeuka matone kwenye paa, na wengi huamka wakidhani hema linavuja. Dawa yake ni kuacha tundu la juu wazi, hata kama moyo unakataa. Kwa sababu hiyohiyo usifunike pua ndani ya begi. Pumzi hulowesha kila kitu.

Vigingi vinavyokuja na hema ni waya wa kupinda. Mwambie fundi wa jua kali akukatie nondo nyembamba za urefu wa sentimita 25, azikunje kichwa. Fanya mazoezi ya kusimika hema nyumbani, gizani.

Gambuti au buti?

Julai, gambuti, na soksi mbili za sufu ndani. Januari, buti zilizokwisha kuvaliwa mwezi mzima. Raba za kukimbilia ubaki nazo kwa ajili ya kambini.

Simu na tochi?

Baridi huinyong'onyeza betri. Simu iliyolala na asilimia 60 inaweza kuamka imezima. Lala nayo pamoja na pawabanki ndani ya begi. Tochi iwe ya kuvaa kichwani, kwa sababu mikono itakuwa na kazi, na betri za akiba ziwepo.

Nikibanwa na haja ndogo usiku?

Toka. Kuvumilia hakukupashi joto, kunakunyima usingizi tu. Ila usiende mbali: Elgon ina nyati na ndovu, nao hawapigi hodi. Mulika kwanza, sikiliza, kisha ujisaidie karibu na kambi lakini mbali na maji. Weka viatu mahali utakapovipata bila kutafuta, na uvikung'ute.

Mvua ikizidi, tunaweza kulala pangoni?

Msifanye hivyo. Mapango ya Kitum, Makingeny na Chepnyalil yanavutia, na ndovu huingia humo usiku kuchokonoa chumvi ukutani, hasa Kitum. Hutaki kuwa katikati ya ndovu na kifungua kinywa chake. Zaidi ya hayo mapangoni mna popo wengi. Mwaka 1980 na tena 1987, wageni waliokuwa wametembelea Kitum waliugua Marburg, ugonjwa wa virusi unaohusishwa na popo, wakafa. Kuzuru mchana na askari wa hifadhi ni sawa, bila kugusa popo wala kinyesi chao. Kitanda chako kiwe hemani.

Kichwa kikianza kuuma huko juu?

Ukishapita mita 2,500 hivi, hewa nyepesi inaweza kukuletea maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi. Mtu aliyetoka Kisumu asubuhi akalala mita 3,500 jioni hiyohiyo amejitafutia. Laleni usiku wa kwanza karibu na Chorlim, kisha mpande kesho yake. Kunywa maji mengi. Dawa za maumivu ziwe mfukoni, lakini mtu akianza kuyumba kama mlevi, kuongea ovyo, au kukosa pumzi akiwa ameketi, mshusheni saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Kidogo cha kuchangamsha mwili?

Pombe hupanua mishipa ya ngozi, unahisi joto huku joto lenyewe linatoka. Sisi huwa na chai ya tangawizi kwenye thamosi.

Tunafikaje, na mzigo uwe mkubwa kiasi gani?

Kutoka Kisumu hupitia Kakamega hadi Kitale; kutoka Nakuru hupitia Eldoret. Kitale kuna magari ya Endebess, na kutoka hapo bodaboda hadi langoni. Ada hulipwa mapema kupitia eCitizen. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori halipokei pesa taslimu langoni. Pima mzigo wako kwa bodaboda: usipoweza kuketi nyuma ya dereva ukiwa umeuvaa mgongoni, punguza. Kinachofaa kupunguzwa kwanza ni nguo za kubadilisha mchana. Hakuna anayekuangalia.

Naweza kujaribu kwanza mahali pa karibu?

Inafaa sana. Mwenye jamaa Molo au Kuresoi aombe usiku mmoja uani kwao, na vifaa vyote, na asiingie ndani hadi alfajiri labda azidiwe. Aliye Kisumu anaweza kujaribu msitu wa Kakamega; baridi yake si ya kutisha, lakini mvua yake itakuonyesha hema lako linavujia wapi.

Nikirudi, vifaa nivihifadhi vipi?

Anika hema na begi la kulalia siku hiyohiyo, kivulini penye upepo, hata kama vinaonekana vikavu. Begi usilirudishe kwenye mfuko wake mdogo. Litundike au liweke kwenye gunia pana, vinginevyo litasinyaa na mwaka ujao halitapasha. Gambuti zijaze magazeti. Mkeka uegemeze nyuma ya mlango.